Kopo Lililolala Kifudifudi

Domitila alimtangulia Sajini Apolinari kufika kituoni, kama jana na kama juzi. Alikuwa ameketi barazani na bakuli la wali lililofunikwa kwa kitambaa, tope limempanda hadi magotini. Alipomwona sajini akiingia uani huku anachechemea, alisimama.

"Shikamoo, Bwana Sajini."

"Marahaba, binti yangu. Za nyumbani?"

"Nyumbani kuna nini tena? Nasikia maji yamepungua. Pantoni itavuka kesho asubuhi."

"Hata mimi nimesikia."

"Basi kesho mtamvusha mume wangu, mkamnyonge Mahenge."

"Mahenge hawanyongi mtu bila kumsikiliza." Sajini aliyasikia maneno yake mwenyewe na hayakumridhisha. "Haya, mpelekee chakula. Konstebo Theodori, mfungulie."

Masika ya mwaka ule hayakuwa na adabu. Yalikata barabara ya Sanje, yakalaza mpunga, yakapenya hadi ndani ya ofisi ya polisi na kulowesha ukuta mpaka picha ya Malkia ikaota ukungu mashavuni. Lori la mwisho lilifika Ifakara kabla ya Kwaresima. Tangu hapo watu walipimiana chumvi kwa kijiko, na mafuta ya taa yalikuwa hadithi. Sajini Apolinari, mwenye goti bovu na homa ya kwenda na kurudi, alibaki na maiti moja na mtuhumiwa mmoja, na vyote viwili vilimchosha.

Maiti ilikuwa ya Kelestini, fundi seremala. Mkewe alimkuta asubuhi kwenye karakana yake, amelala kifudifudi kando ya benchi la kazi, kisogo kimepasuka. Pembeni palikuwa na nyundo ya mti yenye damu, nayo nyundo ilikuwa ya Raimundi, msaidizi wake. Halafu Dionisi, fundi wa ng'ambo ya barabara, akala kiapo kwamba jioni ile aliwaona marehemu na Raimundi wakigombana kwa sababu ya vanishi iliyoharibika. Nyundo ipo, ugomvi upo, na Raimundi hana wa kumtetea ila mkewe. Wakubwa wa Mahenge waliona inatosha, wakaagiza aletwe pantoni ikivuka tu.

Ndani ya mahabusu, Raimundi alikuwa amejikunyata juu ya mkeka na bakuli hajaligusa.

"Nieleze tena," sajini alisema, akajiegemeza ukutani ili goti lipumzike.

"Nimeeleza mpaka ulimi umekauka, mzee. Niliondoka jua halijazama. Homa ilikuwa inanitetemesha. Domitila akanifunika, nikalala."

"Na ugomvi wa vanishi?"

"Ugomvi gani? Ati vanishi iliota utando! Vanishi ya mzee Kelestini haioti utando juu."

"Kila vanishi iliyofunguliwa huota utando. Hata mimi nimewahi kupaka dirisha."

"Ya kwake haioti juu."

"Ndiyo nini hiyo?"

Raimundi aligeukia ukuta. "Nenda kaangalie mwenyewe. Mimi nikisema mnaandika tu, halafu mnafunga mlango."

Sajini alitaka kumkaripia, lakini hata karipio lilihitaji nguvu. Alitoka nje akachukua mwavuli.

* * *

Alianzia dukani kwa Makame, kwa kuwa ndiko kulikokuwa karibu. Makame, mtu wa pwani aliyekwisha kuzeekea Ifakara, alikuwa amekaa mlangoni akitazama rafu zake tupu.

"Umekuja kunikamata tena, Sajini?"

"Sijakukamata hata mara ya kwanza."

"Umenikalisha kwenye kiti changu mwenyewe kutwa nzima, wapi ulikuwa, na nani, ulikula nini. Hilo si kukamata? Nimekwambia nilikuwa ng'ambo ya mto nalinda magunia yangu."

"Na wavuvi wa Kivukoni wamesema hivyo hivyo. Wamesema ulikula samaki wao na ukalalamika kwamba wana miiba." Sajini alikaa juu ya debe. Kweli alikuwa amempotezea mzee huyu siku, kisa mji mzima ulimsikia akimlaani Kelestini hadharani. "Leo nauliza jambo jingine. Vanishi unayo?"

"Vanishi!" Makame alicheka kwa uchungu. "Chumvi sina, nitakuwa na vanishi? Kopo la mwisho alilinunua Dionisi kabla ya mvua. Akatumia kidogo, akaliacha, likaganda. Akaja hapa kunifokea mimi, kama mimi ndiye niliyeligandisha."

"Tangu wakati huo hujamuuzia mtu mwingine?"

"Ningemuuzia nini, maji ya mto?"

"Na Kelestini?"

"Yule, Mungu amrehemu, alikuwa hasara kwangu. Ndiyo sababu nilimlaani, nami najuta. Alikuwa akinunua kopo, anakaa nalo masika hadi masika, na ukilifungua linatiririka kama la jana. Wenzake wote likiwagandia wanakwenda kumbembeleza. Mwaka huu, Ifakara nzima, ukitaka vanishi ya kushika brashi ni rafuni kwa Kelestini tu."

"Alikuwa akiwapa?"

"Akijisikia. Lakini kwanza utachekwa mpaka utamani ardhi ikumeze."

* * *

Karakana ya Dionisi ilikuwa wazi kwa mbele, paa la nyasi, nguzo za mti. Mwenyewe alikuwa akipiga randa huku anaimba wimbo wa Kwaresima kwa sauti nene. Nyuma yake yalipangwa madawati mapya ya mninga ya kanisa dogo la mashambani. Yalikuwa yamepigwa msasa vizuri, lakini makavu, hayajapakwa kitu.

"Karibu, Bwana Sajini! Kaa, kaa. Goti lako hilo likande kwa maji ya moto na chumvi."

"Chumvi ipo wapi?"

"Ah, kweli bwana!" Dionisi alicheka, akapangusa maranda kwenye kigoda. "Masika haya yatatumaliza."

"Haya madawati ni ya Pasaka?"

"Yabarikiwe Pasaka, ndivyo walivyoagiza. Lakini bila vanishi nifanyeje? Nangoja lori."

Sajini alitazama kopo lililosimama dirishani. Kifuniko kilikuwa kimewekwa juu juu tu. Alikiinua. Ndani palikuwa na utando mnene wa kahawia, umekunjamana kama ngozi ya mguu wa kuku.

"Ndivyo vanishi ilivyo," Dionisi alisema. "Ukishaifungua tu, umeipoteza. Hata ya marehemu ilikuwa hivyo hivyo siku ile."

"Hebu nisimulie tena siku ile."

"Nilikuwa hapa hapa nafunga kazi. Nikamwona Raimundi analishusha kopo, anafungua. Marehemu akachungulia, akaruka! Akachukua patasi, akaubandua utando kule juu, akauinua hivi, mzima, unaning'inia. 'Umeniharibia vanishi yangu, mbwa we!' Raimundi naye akajibu. Basi, wakaendelea."

"Kopo lipi hilo? Pale yapo mengi."

"Lile lenye bonde ubavuni. Lipo bado rafuni, utaliona."

"Una hakika utando ulikuwa juu?"

"Sasa utando utakuwa wapi tena, Bwana Sajini?" Dionisi alitabasamu. "Hata maziwa hufanya hivyo hivyo."

Sajini alikubali kwa kichwa, akavuka barabara. Huku nyuma randa ikaanza tena.

* * *

Kandida, mjane wa Kelestini, alikuja na ufunguo, kitambaa cheusi kichwani.

"Pole na msiba, mama."

"Nimepoa, baba."

Karakana ilikuwa haijafunguliwa tangu mazishi. Ilinuka mbao na unyevu. Sajini alipita kando ya doa la sakafuni bila kulikanyaga, akasimama mbele ya rafu. Makopo yote yalikuwa yamefudikizwa, vifuniko chini na matako juu. Siku ile ya kwanza aliyaona hivyo hivyo, akadhani ni usafi wa mzee tu.

"Nani aliyageuza?"

"Yeye. Akimaliza kazi analigonga kifuniko kwa nyundo kikaze, halafu analilaza. Nikiligeuza mimi kwa bahati mbaya, tunanuniana mpaka usiku." Alitaka kutabasamu, ikashindikana.

Sajini alilichukua kopo lenye bonde ubavuni. Lilikuwa zito kuliko alivyotarajia, na ndani yake kitu kiligongana. Alilisimamisha juu ya benchi, akafungua kifuniko kwa bisibisi.

Vanishi ilikuwa imejaa karibu ya mdomo, safi, nyekundu kama chai ya rangi. Utando haukuwapo. Alichovya fimbo, ikagonga kitu kigumu. Akalipindua kopo juu ya beseni kidogo kidogo, na katikati ya vanishi yakaanza kudondoka mawe madogo, laini, ya mviringo.

"Mawe?"

"Ya Sanje," Kandida alisema. "Kwetu ni Sanje. Kila nikienda kumwona mama, lazima niteremke kijitoni nimchotee mawe kwenye kanga. Hapa Ifakara utapata wapi jiwe? Udongo mtupu. Vanishi ikipungua anatia mawe, inapanda tena, upepo unakosa pa kukaa. Nikamwambia watu watasema nimeolewa na kichaa, mume anayeagiza mawe badala ya ndizi."

Sajini alikuwa anakwangua chini kabisa ya kopo. Fimbo ilishika kitu kinachonata. Aliivuta, na kipande cha utando kikaja nacho, kinene, kigumu, kimeshika kwenye tako la kopo kwa miezi. Hakikuwa kimeguswa na patasi wala kitu chochote.

Alisimama akikitazama. Kopo likilala kifudifudi, upepo mdogo uliobaki hupanda kwenye tako, na utando huota huko. Ukilisimamisha na kulifungua, juu ni safi, utando upo chini umelala. Haioti juu, Raimundi alisema, akageukia ukuta. Kelestini asingeweza kubandua utando juu ya kopo hili hata angetaka. Dionisi hakuona ugomvi wowote. Alisimulia kopo la kwake mwenyewe, lililosimama dirishani, na kulitia mikononi mwa marehemu.

Lakini mtu anaweza kusema uongo kwa sababu nyingi. Kwa chuki, kwa umbeya, kwa kutaka kuonekana anajua. Uongo peke yake usingefungua mlango wa mahabusu. Sajini aliinama tena kwenye rafu. Vumbi lilikuwa limekaa kila mahali ila kwenye duara moja mwishoni, ubao ukiwa msafi.

"Hapa palikuwa na nini?"

Kandida alisogea. "Kopo kubwa. Lilikuwa limebaki nusu. Aliliweka kwa ajili ya milango ya dada yangu." Akatazama huku na huku chini ya benchi. "Lilikuwapo. Jumanne, siku ile ya mwisho, lilikuwapo, nililiona nikifagia."

"Labda alimpa mtu."

"Hilo asingempa mtu." Aligusa duara lile kwa kidole. "Watu wanasema alikuwa mchoyo. Alikuwa mchoyo kweli, siwezi kudanganya. Lakini angemwona Dionisi alivyomfanyia, angeona haya. Jeneza lile alilichonga bila kuombwa. Akalipaka na vanishi, mara mbili. Umeona wapi jeneza linang'aa vile masika haya? Mama mkwe alilia, akasema angalau mwanangu amesitiriwa na mwenzake."

Sajini alitafuta kigoda akakaa. Alikuwapo mazishini. Alishika kamba kwa mkono wake mwenyewe, na mvua ilikuwa ikinyesha. Matone yaliteleza juu ya ule ubao bila kupenya, naye akawaza tu kwamba ni kazi nzuri. Mji mzima ulisimama pale ukaliona, mji usio na vanishi.

"Baba, unaumwa?"

"Goti tu, mama. Goti tu."

* * *

Aliporudi kwa Dionisi alikuwa na Konstebo Theodori. Randa ilinyamaza kabla hawajafika kizingitini.

"Fundi," sajini alisema, "jeneza la marehemu ulilipaka nini?"

"Vanishi."

"Ya wapi?"

"Yangu. Ile pale."

"Nzuri. Chukua brashi unipakie kipande hiki."

"Sasa hivi?"

"Nina subira."

Dionisi alilichukua kopo la dirishani. Alitoboa utando kwa kidole, akazamisha brashi. Ilitoka imebeba uji wa mabonge. Akaipaka kwenye ubao, mabonge yakaburuzwa, yakaacha mifereji. Akapaka tena. Jasho lilimtoka ingawa mvua ilikuwa imeleta baridi.

"Jeneza halikuwa hivyo," sajini alisema. "Nililishika. Makame hana vanishi, lori halijaja, na ya kwako ni hiyo. Rafuni kwa Kelestini pana nafasi ya kopo moja."

Dionisi aliendelea kupaka. Alipaka mpaka brashi ikakauka, na hata ilipokauka mkono wake haukuacha kwenda na kurudi. Kisha akaiweka chini taratibu, akaenda kwenye lundo la maranda pembeni, akachimba kwa mikono miwili. Alirudi na kopo kubwa, akaliweka miguuni pa sajini.

Halikuwa na mlio wa kitu ndani.

"Mawe yako wapi?"

"Niliyatoa, nikayatupa bondeni. Nilidhani ni hila. Nilidhani anayatia ili watu waone kopo limejaa."

"Na kulifudikiza?"

"Nilifikiri anakwepa kinyesi cha kuku."

Theodori alifungua kifuniko. "Lo!" akasema.

Utando ulikuwa umekwisha kuota juu, mwembamba bado, ukitetemeka. Dionisi aliinama kuutazama. Alitazama muda mrefu, halafu akakaa juu ya dawati lake jipya.

"Imeota," alisema. "Hii nayo imeota."

"Sema sasa, fundi. Sema mwenyewe, itakuwa nafuu."

"Nilikwenda kumwomba. Kikombe tu, Bwana Sajini, nipake hata madawati ya mbele. Nilimwita kaka. Akaja hapa kwangu akachungulia kopo langu, akauinua utando kwa patasi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akaniambia ngozi hii ni nzuri, kashone ndara, na kesho utapata ngozi ya mguu wa pili. Akarudi kwake bado anacheka. Nikamfuata. Nikamwambia kaka, angalau nifundishe unavyofanya. Akanipa kisogo, akasema mafunzo ni ya watoto wake, na watoto hana." Alifunika uso. "Nyundo ilikuwa hapo juu ya benchi. Sikujua ni ya nani. Haki ya Mungu, sikujua kwamba ni ya Raimundi."

"Lakini Raimundi alipokamatwa ulijua."

Dionisi alizidi kuufunika uso.

"Na jeneza?"

"Ile vanishi ilikuwa yake. Nilipotaka kuanza nayo madawati, mkono ulikataa. Nikasema kwanza apate yeye sehemu yake." Alilia sasa, kwa sauti, mwanamume mzima mwenye mvi. Theodori alitoa pingu akaangalia pembeni.

Sajini Apolinari hakusikia furaha yoyote. Alitamani kulala.

* * *

Jioni alifungua mahabusu yeye mwenyewe. Raimundi alitoka akishikilia ukuta. Hakushukuru, na sajini hakutegemea kushukuriwa. Domitila alimfunga mumewe kanga mabegani, akamgeukia sajini akitaka kusema kitu. Kilichotoka kilikuwa kilio. Wakaondoka polepole kwenye tope, mume amemwegemea mkewe.

Kandida aliitwa kulitambua kopo. Lilikuwa limesimama mezani, limefungwa karatasi ya kielelezo kwa uzi. Alilitazama bila kukaa.

"Ndilo," alisema. "Aliua kwa hili?"

"Kwa hili, mama. Na kwa kuchekwa."

"Nilimwambia," Kandida alisema. "Nilimwambia Kelestini, usiwacheke watu. Akasema kicheko hakiui." Machozi yalimshuka, asiyafute. Kisha akakandamiza kifuniko kwa kiganja pande zote mpaka kikalia, akalinyanyua kopo, akalilaza kifudifudi juu ya meza.

"Mama, hicho ni kielelezo. Hakiguswi."

"Chini ya utando imebaki nzima. Ukiliacha limesimama itakwisha yote."

"Hakuna atakayeitumia tena."

"Najua," alisema, akatoka.

Asubuhi pantoni ilivuka. Mto ulikuwa bado mpana, wa rangi ya udongo, ukibeba magogo na majani. Dionisi aliketi na pingu zake kati ya magunia, na sajini alikaa mkabala naye, kopo mapajani, kifuniko chini. Njia nzima Dionisi hakuinua macho kutoka kwenye lile kopo.

Pantoni ikayumba, na Theodori akanyoosha mikono. "Afande, limepinduka hilo. Niligeuze likae vizuri?"

"Liache," Sajini Apolinari alisema. "Limekaa vizuri."